Jina Lililochezewa Disko

Kijiwe cha bodaboda cha Gungu kina spika moja tu, imefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye nguzo, hatua chache kutoka mlango wa steshenari ya Heritier. Kwa mwezi mzima spika hiyo ilikuwa na wimbo mmoja. Siyo kwamba nyimbo nyingine hazikuwepo. Zilikuwepo tele, ila vijana walikuwa wamekolea. Ngoma inapiga moja moja bila kuchoka, gita la besi linatembea kwa madaha, vinanda vinapanda, vinapanda, halafu inaingia sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu, yenye mkwaruzo, imekatwakatwa vipande na kuunganishwa upya: Ne-ne, Nehemia, Ne-ne, Nehemia-ee. Hapo kijiwe kizima kinaitikia, abiria wanaitikia, na mama wa vitumbua ng'ambo ya barabara anageuza vitumbua vyake kwa mdundo.

Kila mkato huo ulipoingia, Heritier alikuwa anawasha mashine ya fotokopi hata kama hana cha kutoa kopi. Mashine ile ni ya zamani, ikinguruma huwezi kusikia hata mtu anayekutukana. Mteja akishangaa, anaambiwa mashine inapashwa moto.

Watu wa Gungu walijua kwamba Heritier ana mkono wake katika wimbo ule, na walimheshimu kwa hilo. Wengine walianza hata kumwita Prodyuza. Wasichokijua ni kwamba Nehemia alikuwa mtu. Alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Mkubwa Margareta wa Ilagala, dada wa tumbo moja wa marehemu mama yake Heritier, na kwa watu wao hiyo maana yake ni kaka, hakuna cha binamu hapo. Walivuka ziwa pamoja kutoka Kongo mwaka ule wa vita, Heritier akiwa na miaka saba, amelalia miguu ya Nehemia njia nzima. Nehemia alizama miaka tisa iliyopita, karibu na pale Malagarasi unapoingia ziwani, na mwili wake haukuonekana mpaka leo.

Huyo ndiye aliyekuwa anachezwa kijiweni.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka juzi, mwezi wa tisa, alifika Kigoma mwimbaji wa Kifaransa aitwaye Odile Marsan. Kwao ni mtu mkubwa. Hapa alishuka kwenye ndege na hakuna aliyegeuza shingo. Alikuwa na miaka hamsini na minane, nywele fupi, kandambili miguuni, na heshima zake zote: wazee aliwaamkia shikamoo, hata vijana aliwaamkia shikamoo. Kwa miaka thelathini alikuwa ameimba nyimbo za mvua na za wanaume wanaofunga mlango nyuma yao. Sasa alikuwa amechoka. Alitaka kutengeneza albamu ya disko, disko lile la zamani la taa zinazozunguka, na ndani ya kila wimbo aweke sauti ya mahali pengine: fidla ya mzee wa Oran, ngoma za Guadelupe, matarumbeta ya Cotonou, na kitu kutoka ziwa Tanganyika, ambalo alisema bibi yake alikuwa na picha yake ukutani.

Heritier aliajiriwa kuwa mkalimani wake yeye na fundi wake wa sauti kwa wiki moja. Kifaransa alikipata shuleni katika kambi ya wakimbizi, akakitunza kwa kusoma kila karatasi ya Kifaransa iliyopita mikononi mwake, na tangu afungue steshenari hakikuwahi kumfaa kwa lolote zaidi ya kutafsiria watu vyeti vya ubatizo. Kwa hiyo wiki ile alijiona. Aliazima koti la shemeji yake akalivaa kwenye joto la Kigoma, na jasho likamtoka kwa fahari.

"Nina sharti moja tu," Odile alimwambia siku ya kwanza wakiwa kwenye gari. "Katika albamu hii halii mtu. Nimewaliza watu miaka thelathini. Sasa nataka wacheze."

Heritier aliitikia kwa kichwa, akalishika sharti lile kuliko hata yeye aliyelitoa.

Wakazunguka. Ujiji walipigiwa ngoma hadi fundi wa sauti akavua vifaa vyake masikioni. Kalinzi, akina mama waliokuwa wanachuma kahawa waliimba vizuri sana, lakini walikuwa wanawaimbia wageni, nyimbo za kukaribisha, na kila mmoja akitazama kipaza sauti kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Odile alishukuru, akanunua kahawa, akaondoka. Ilipofika siku ya tano Heritier alianza kuona kwamba mkoa mzima unafeli mtihani na mwalimu wake ni yeye. Siku ya sita akasikia kinywa chake mwenyewe kinasema, "Nina mama yangu Ilagala."

Pale Ilagala, pwani anapokaa Mama Mkubwa, kuna kazi moja inayofanywa kwa mdomo. Mitumbwi ya dagaa hurudi asubuhi, mingi kwa pamoja, na kila mama mwenye kichanja cha kuanikia husimama mchangani mbele ya kichanja chake akaita jina la mtu wake ili mtumbwi uje kwake, usije ukapakulia kwa jirani. Haiitwi mitumbwi, wanaitwa watu. Mama Mkubwa alimwita Nehemia hivyo kwa miaka yote aliyovua. Alipozama, mtumbwi uliokotwa, akauchukua Zefania, aliyekuwa mwenzake kazini. Na asubuhi ya kwanza Zefania aliporudi na dagaa, Mama Mkubwa alisimama mahali pake na kuita jina lile lile. Zefania aliuelekeza mtumbwi kwake, akashusha mzigo. Tangu siku hiyo mtumbwi ule umekuwa ukija kwa jina la mtu ambaye hayumo, na pwani nzima imekaa kimya juu ya jambo hilo, kwa heshima.

Asubuhi ya siku ya saba wageni walikuwa wamesimama mchangani. Mama Mkubwa alimtazama Heritier na koti lake.

"Mimi sina wimbo," alisema. "Nyimbo ziko kanisani. Mimi niko na kuita tu."

"Basi uite, Mama Mkubwa. Huko huko kuita."

"Na hawa bazungu watapeleka wapi?"

"Kwao. Watasikia watu wengi sana."

Mama Mkubwa alifuta mikono kwenye kitenge, polepole, kidole baada ya kidole. "Basi uwaambie ni nani. Nikiita mbele ya watu wasiomujua, watasema huyu mama anaita mbuzi."

"Nitawaambia."

"Uwaambie vizuri. Jina la baba yake uliseme. Na useme alikuwa mutu wa kucheka, hata njaa ikimushika anacheka."

"Nitawaambia yote, Mama Mkubwa."

Mitumbwi ilitokeza. Mama Mkubwa akasogea mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu, akaweka mkono mmoja kiunoni, akaita. "Nehemia ee! Huku! Huku kwako, baba!" Sauti haikuwa ya kulia. Ilikuwa sauti ya mama anayejua kwamba mwanawe anasikia ila anajifanya hasikii. Aliita mara tatu, na mara ya tatu mtumbwi wa Zefania ukageuza uso, ukaja.

Odile alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Macho yalikuwa yanamng'aa. "Heritier, ni nini hii? Ni furaha, sivyo? Anaita nini?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pake pa kusema. Ilihitajika sentensi moja fupi ya Kifaransa, ya darasa la kwanza kabisa: ni mwanawe, alizama. Heritier aliitafuta na kuipata, ilikuwa pale pale ulimini. Lakini alimwona fundi wa sauti ameinua dole gumba, akaona uso wa yule mwanamke ulivyofunguka, akakumbuka kwamba katika albamu hii halii mtu, na kwamba ndege yao ni kesho, na kwamba yeye ndiye aliyewaleta.

"Ndivyo akina mama wanavyoita mitumbwi," alisema, "samaki wakiwa wengi. Ni ukelele wa furaha."

"Na hilo neno, Nehemia?"

"Halina maana. Ni mlio tu."

Mama Mkubwa alikuwa amerudi, kitenge kimelowa chini. "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wanasemaje?"

Odile alikuwa anatabasamu kwa meno yote. Heritier akatafsiri. "Wanasema pole sana, Mama Mkubwa. Wanasema poleni sana nyumba nzima."

Odile akamshika mama wa watu mikono yote miwili, akaibusu, huku anacheka. Mama Mkubwa alimkazia macho kidogo, akamgeukia Heritier akamwambia kwa sauti ya chini kwamba bazungu wanatoa pole kwa namna ya kwao, lakini pole ni pole. Akawafungia dagaa wa kwenda nao.

Uwongo ule ungeweza kuishia pale mchangani. Haukuisha. Baada ya miezi minne fundi wa sauti alimwandikia Heritier kutoka Paris: tunachapa jalada la albamu, kila wimbo na maelezo yake, tafadhali thibitisha maana ya neno Nehemia. Mungu alikuwa amempa nafasi ya pili, tena kwa maandishi, tena bila mtu kumtazama usoni. Heritier alikaa na barua ile siku nne. Alijiambia kwamba akiwaambia sasa watautoa wimbo, na Mama Mkubwa atakosa kusikika ulimwenguni. Alijiambia kwamba wafu hawasomi majalada. Siku ya tano aliandika: ukelele wa furaha wa wavuvi wa ziwa Tanganyika. Uwongo wa kwanza ulimponyoka. Wa pili aliuandika akahakikisha kila alama ya Kifaransa imekaa mahali pake.

Albamu ilichelewa, ikatoka mwezi wa kwanza mwaka huu. Iliitwa *Midi partout*, yaani adhuhuri kila mahali, na kwenye jalada Odile alikuwa amevaa suti ya kumetameta, amesimama katikati ya soko. Heritier aliisikiliza dukani, mlango ameurudishia nusu. Alitaka iwe mbaya. Ingekuwa mbaya angepona haraka. Lakini ile fidla ya Oran ilivyoingia juu ya besi, na zile ngoma za Guadelupe zilivyojibizana na makofi, alijikuta anatabasamu peke yake katikati ya rimu za karatasi. Odile mwenyewe aliimba kwa wepesi, kama mtu aliyetua furushi. Wimbo wa saba ulipoanza, na sauti ya Mama Mkubwa ikatoka katikati ya vinanda, imerudiwa, imerembwa, imewekewa mwangwi, Heritier alisikia nywele zinasimama. Halafu akashusha macho akaona mguu wake wa kulia. Ulikuwa unapiga sakafu kwa mdundo. Aliutazama mguu ule kwa chuki.

Wiki ile ile wimbo ulianza kuzunguka kwenye simu za vijana. Mwezi wa pili ulikuwa kijiweni. Mwezi wa tatu mtangazaji wa redio moja ya hapa mkoani aliupata mpaka na jalada lake, akalisoma hewani kwa kujivuna, akalitafsiri: Nehemia, ndugu msikilizaji, ni ukelele tu wa furaha ya wavuvi wetu, hauna maana nyingine, ni kucheza kwa kwenda mbele.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na harusi ya jirani, sherehe ya mchana katika ukumbi wa shule. Heritier alikwenda na mkewe, Elida, wakakaa nyuma kabisa kwa matakwa ya Heritier. Haikusaidia. Mshereheshaji alimwona. "Mabibi na mabwana, tunaye hapa mtu aliyeipeleka Kigoma Paris! Bwana Heritier, mbele!" Na wimbo ukaachiliwa. Watu wakampigia makofi, wakamsukuma kwa upendo, na kabla hajajua afanye nini alikuwa katikati ya ukumbi. Mtu unapokuwa katikati ya ukumbi na watu mia mbili wanakutazama, unacheza. Alicheza. Alitoa leso mfukoni akaipunga juu, akazungusha kiuno, Ne-ne, Nehemia, na ukumbi ukalipuka. Alipogeuka kumtafuta Elida, alimwona amekaa peke yake kwenye safu ya mwisho, mikono mapajani, anatazama meza.

Walirudi kwa miguu. Kwenye kona ya nyumbani Elida alisimama.

"Leo umempungia Nehemia leso," alisema.

Heritier aliisukuma leso chini zaidi mfukoni.

"Unadhani Mama Mkubwa hajasikia?"

"Kule mtandao ni wa shida."

"Na redio? Redio nayo ni ya shida?" Elida alifungua mlango akaingia, akamwachia Heritier kazi ya kuufunga.

Jioni hiyo hiyo, kabla hata ya kula, Heritier alikaa na simu yake akamwandikia Odile. Safari hii hakutafuta maneno. Nehemia ni kaka yangu. Alizama. Yule ni mama yake, na alikuwa anamwita. Nilikudanganya mara mbili. Akabonyeza kutuma, na mara akahisi wepesi fulani kifuani, karibu afurahi. Wepesi huo ulikaa mpaka kesho yake saa nne, Odile alipojibu. Hakumlaumu. Hakusema kitu juu ya albamu wala majalada. Alikuwa ameandika swali moja tu: Mama yake anajua?

Heritier alisoma swali lile mara kadhaa, na kila mara masikio yake yalizidi kupata moto. Kumwambia Mfaransa aliye ng'ambo ya dunia kulikuwa kazi ya dakika kumi. Ilagala ni mwendo wa asubuhi moja, na kwa mwaka mzima na zaidi hakuwa amekanyaga. Alikuwa anatuma salamu kwa watu, na dawa za presha, na kalenda za steshenari.

Alifunga duka akapanda pikipiki.

Mama Mkubwa alimpokea kama siku zote. Alimpa maji ya kunawa, akamsongea ugali wa muhogo, akampakulia sombe ya majani ya muhogo na samaki mgebuka mzima, kichwa kikimwelekea yeye mgeni. Aliuliza habari za Elida, habari za watoto, habari za mashine ya fotokopi. Mara tatu Heritier alisema, "Mama Mkubwa, nina neno," na mara tatu Mama Mkubwa alisema, "Kula kwanza." Alikula mpaka sahani ikawa tupu na neno likabaki pale pale. Akalala nalo.

Asubuhi walishuka pwani. Akina mama walikuwa wameshajipanga, kila mmoja mbele ya kichanja chake, na kutoka kwenye simu ya mtu fulani ule wimbo ulikuwa unacheza taratibu. Kichanja cha jirani kilikuwa cha mwanamke kijana aitwaye Happiness, aliyeolewa pale majuzi tu akitokea Kasulu, mtu wa utani na vicheko. Alimwamkia Heritier kwa goti kidogo.

Mitumbwi ilitokeza. Mama huyu akaita Erasto, yule akaita Nikodemu, pwani yote ikajaa majina. Mama Mkubwa alisogea majini mpaka kwenye vifundo, akaweka mkono kiunoni, akatazama mbele. Kimya. Mtumbwi wa Zefania ulikuwa unaonekana vizuri kabisa, umepunguza mwendo, unangoja.

"Mama Mkubwa," Heritier alisema nyuma yake, "mbona huiti?"

"Niite nini?"

Basi likatoka lenyewe, bila mpangilio. "Mama Mkubwa, siku ile sikuwaambia. Wewe uliniagiza, mimi nikawaambia ni kelele tu za samaki. Wakauliza jina, nikasema halina maana. Wakauliza tena kwa barua, nikasema vile vile."

Mama Mkubwa hakugeuka. "Najua. Redio ilisema. Nikajiuliza, nani aliwaambia vile? Nyumba yetu iko na mutu mumoja tu wa Kifaransa."

"Nisamehe, Mama."

"Ile disko haikuniuma sana. Nehemia angeipenda. Angecheza mpaka suruali ishuke. Iliniuma ile pole. Ulinipa pole yao, mimi nikaibeba. Kila nikisali, niliwaombea bale bazungu. Nilisema, Mungu, wakumbuke, kwa sababu walihurumia mutoto wangu. Kumbe nilikuwa naombea watu wenye hawakujua kama alizaliwa."

Heritier alitamani Mama Mkubwa amtukane. Alitamani ampige hata kofi, mtu mzima alivyo, mbele ya akina mama wote wale. Mama Mkubwa hakufanya lolote katika hayo. Alisimama tu majini, na Heritier aibu ikamshika mwili mzima hadi mikono akawa hajui aiweke wapi.

"Mwite wewe," Mama Mkubwa alisema.

"Mimi?"

"Zefania anangoja. Mwite kaka yako."

Heritier akaingia majini na viatu vyake. Akavuta pumzi. Alimwona Nehemia kabisa, meno yake, shingo yake ndefu, akafungua kinywa amwite kama ndugu anavyomwita ndugu, na kilichotoka kilikuwa ni Ne-ne, Nehemia. Kwa mdundo wenyewe, na mkato wenyewe. Alijaribu tena, na ikatoka hivyo hivyo, mbaya zaidi, na mwishoni akaweka ule mwangwi.

Nyuma yao akina mama vijana walipiga vigelegele. Happiness aliinua ungo wake juu, akazungusha kiuno, "Ne-ne! Haya, Prodyuza, tena!" na wawili watatu wakamuunga mkono, kwa furaha tupu, hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya.

Heritier akafunga mdomo.

"Umeona," Mama Mkubwa alisema taratibu. "Na mimi inatoka vile vile. Nafungua kinywa kumwita mwanangu, anatoka yule wa redio. Watu wanacheza. Ile sauti yangu ya zamani, nimeitafuta, sijui niliiweka wapi."

Zefania alingoja kidogo tena. Halafu akaugeuza mtumbwi, akaenda kupakulia mwisho kabisa wa pwani, mbele ya vichanja visivyokuwa vya mtu wake yeyote.

Mama Mkubwa akatoka majini, akachukua beseni lake, akaliweka kichwani, akaanza kutembea kuelekea huko. Ni mwendo mrefu kwa mtu wa umri wake, mchanga wenyewe laini. Heritier akamfuata, viatu vinatoa maji. Alinyoosha mkono apokee beseni, Mama Mkubwa akalishika vizuri zaidi kwa mkono wake. Walipopita mbele ya kichanja cha Happiness, yule dada alikuwa bado anacheka, anafuta jasho kwa ncha ya kanga.

"Kaka, si wewe ndiye uliyeuleta huu wimbo? Tuimbie na ile beti nyingine basi."

Heritier akasimama. Wanawake waligeuka kumtazama, kama walivyogeuka wale watu mia mbili ukumbini, na kwa sekunde moja alihisi uso wake unajiandaa kutabasamu. Akauzuia.

"Siyo wimbo," alisema. "Ni mtu."

"Mtu gani?" Happiness aliuliza, ungo umeshuka.

Mtu mmoja akazima simu. Heritier alikuwa hajui aanzie wapi. Akaanza na jina la baba yake Nehemia, kama alivyoagizwa siku ile. Akasema kwamba alikuwa mtu wa kucheka, hata njaa ikimshika. Huko mbele, Mama Mkubwa alikuwa amesimama, amewapa mgongo wote, lakini beseni alikuwa amelitua chini.